Apatimenti mpya, ghorofa ya juu, kodi ya miezi sita, halafu masika ikaingia: uchambuzi wa kisa kimoja cha Dar

Kabla hatujaanza

Majina, mtaa na vitu vingine vidogo nimevitoa au nimevigeuza, kwa hiyo usihangaike kutafuta ni jengo gani, majengo ya aina hii Dar yako mengi tu. Nitawaita Mke, Mume, Mama mwenye nyumba, na Dalali. Mimi niliingia katikati ya stori, niliitwa kuangalia paa maana kazi yangu ni kusimamia saiti za ujenzi, nikajikuta nakaa kwenye vikao vyao mpaka mwisho. Ya mwanzo ni kama nilivyosimuliwa na pande zote mbili na nilivyoyaona kwenye mesej na makaratasi yao.

Nakiandika kwa sababu watu wakisikia "nyumba mpya, haijawahi kukaliwa" wanaona hiyo ni sifa. Kwa sisi wa saiti maana yake ni kwamba hamna mtu ameshaoga humo, hamna mtu amewasha pasi na friji na feni kwa pamoja, na hamna mvua iliyoshaipiga. Mpangaji wa kwanza ndo mjaribuji. Na mjaribuji wetu huyu alikua ameshalipa miezi sita.

Wahusika na hali yao

Mke ni mhasibu, Mume ana duka la vipuri Kariakoo, mtoto wao ana miaka minne. Walikua wanaishi Tabata kwenye nyumba ya zamani, LUKU (mita ya umeme wa kulipia kabla) moja wanachangia kaya tatu, kila mwisho wa mwezi ugomvi wa nani ana friji kubwa. Wakaamua wakihama wanahamia kitu kipya, cha peke yao.

Jengo liko upande wa barabara ya Bagamoyo, chini na ghorofa tatu juu, apatimenti nane. Rangi ilimalizika Desemba 2024, wao wamehamia Februari 2025. Apatimenti yao ya juu kabisa, vyumba viwili kimoja masta, taili nyeupe, dari ya jipsamu yenye vile vitaa vidogo vidogo, madirisha ya alminiamu. Na paa ndo yale ya kuficha, ukiwa barabarani unaona kuta zimenyooka tu kama boksi, bati huoni.

Mama mwenye nyumba ni mstaafu. Kiinua mgongo kiliishia ghorofa ya pili, juu akamalizia na mkopo wa benki. Hili liweke kichwani maana linaeleza mambo mengi, kwa nini alitaka miezi sita na sio mitatu, kwa nini aliingiza watu wakati DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar, bado hawajafunga mita, kwa nini LUKU ilikua moja. Sio mtu mbaya huyu mama. Marejesho ya benki yalikua yameanza na jengo halijaingiza hata shilingi.

Mpaka kulipa

Tangazo lilikua kwa dola. Mume akakataa palepale, akamwambia Dalali mimi nauza kwa shilingi nalipa kwa shilingi, dola ikipanda nitafute wapi? Dalali akapiga simu, ikawa laki tano na nusu kwa mwezi. (Mwezi uliofuata, mwishoni mwa Machi 2025, zikatoka kanuni za serikali zinazokataza kutangaza bei au kupokea malipo ya ndani kwa fedha za kigeni, kwa hiyo siku hizi hilo wala sio la kubembeleza.)

Hesabu ya kuingia ikawa hivi: miezi sita milioni 3.3, dipoziti ya mwezi mmoja 550,000, Dalali mwezi mmoja 550,000. Jumla milioni 4.4, achilia mbali hela ya kuzungushwa waliyotoa kila walipoenda kuona nyumba na gari la kuhamia.

Waliomba walipe mitatu mitatu, Mama akagoma. Hapa watu wengi huuliza, sheria inasemaje? Ile sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba, ya 1984, ilifutwa 2005, na mpaka hapo hamna kifungu kinachomwambia mwenye nyumba mwisho achukue miezi mingapi. Ni makubaliano yenu. Wakaomba basi punguzo kwa kulipa kwa mkupuo, wakapewa "nitawawekea shawa ya moto". Wakakubali. Hiyo shawa tutarudi kwake.

Walifanya maamuzi manne kabla ya kulipa, matatu mazuri, moja la hivi hivi.

La kwanza, hawakumpa Dalali hela ya kodi. Dalali alitaka itumwe kwenye simu yake "nitamfikishia Mama, mimi ni kama mwanae", Mke akasema hapana kaka yangu, yako ya udalali nitakupa mkononi, ya kodi inaenda benki kwenye akaunti yenye jina lililo kwenye mkataba. Dalali alinuna kidogo ila akaelewa.

La pili, walienda ofisi ya serikali ya mtaa kuuliza jengo ni la nani kabla hawajasaini. Mwenyekiti akawaambia ni la mama fulani, namjua tangu anaanza msingi. Kitu cha dakika kumi na hakina gharama, halafu watu wanaruka hatua hii wanaenda kumlipa kijana aliyeshika funguo tu.

La tatu ndo lililobeba kisa kizima. Mkataba ulikua zile karatasi mbili za kununua duka la steshenari, unajaza majina na bei basi. Mke akaongeza karatasi ya tatu kwa mkono wake: orodha ya makabidhiano. Chumba kwa chumba, ukuta ukoje, dari ikoje, bomba ngapi, soketi ngapi, ipi inafanya kazi ipi haifanyi, namba ya sabumita (mita ndogo ya umeme ya apatimenti) na usomaji wake siku hiyo. Akapiga na picha, akamtumia Mama WhatsApp siku hiyohiyo na maneno "Shikamoo Mama, hizi ndo picha za hali ya nyumba leo tunavyopokea, naomba uzihakiki." Mama akajibu "Marahaba mwanangu, sawa nimeziona." Hilo jibu moja lilikuja kuwa na thamani kuliko mkataba wenyewe.

La nne ndo la hivi hivi. Nyumba waliiangalia mara moja, saa tisa alasiri, mwezi wa pili, jua kali. Maji yalikua yanatoka kwa sababu pampu imewashwa palepale na mlinzi. Hamna aliyepanda juu kuona paa. Hamna aliyefungua kile kikabati cha umeme pale chini.

Miezi ya kwanza: chumvi, presha, na shoti

Maji ndo yalianza. Kisima cha jengo kina chumvi, kama visima vingi vya ukanda ule wa karibu na bahari, na mita ya DAWASA ilikua "wiki ijayo". Simtanki limewekwa juu ya kibanda kidogo kwenye paa, na apatimenti yao ndo iko chini yake tu. Wengi wanadhani ukiwa karibu na tanki maji yanakuja kwa nguvu, kumbe ni kinyume, presha inatokana na kimo, kila mita 10 za kushuka ndo unapata bar moja, kwa hiyo aliye chini kabisa anaoga kama yuko kwenye maporomoko na wa ghorofa ya juu anachuruziwa tu. Shawa ya moto waliyoahidiwa ikafungwa, haiwaki, maana zile shawa zina diski inayosubiri isukumwe na maji ndo iunganishe umeme.

Fundi aliyeletwa na mlinzi akawa mjanja, akailegeza ile diski iwake hata na maji kidogo. Ikawaka. Baada ya siku chache mtoto akashika bomba la bafuni akalia. Mama yake akagusa, akasikia kama sisimizi wanamtembelea mkononi. Bomba linapiga shoti.

Hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndo sehemu ya kisa ambayo ingeweza kuishia msibani.

Jengo lilipata LUKU moja ya fezi tatu. Pale TANESCO walipoleta umeme kulikua na fimbo ya shaba imezamishwa ardhini na waya wa athi (wa kupeleka umeme unaovuja ardhini) umefika kwenye ubao mkuu, sawa kabisa. Baadae fundi wa Mama akagawa umeme kwenda sabumita nane kupeleka juu. Nyaya mbili tu zimepanda, ya moto na ya nyutro. Ule wa athi wa kwenye apatimenti ulikuwepo ukutani, umeunganishwa vizuri kwenye soketi na kwenye shawa, ila ukishuka chini kwenye kikabati unaukuta umekunjwa unaning'inia, haujafungwa popote. Ukiangalia soketi juu unaona tundu tatu, unaamini uko salama. Hauko.

Sasa weka shawa ya umeme, na maji ya chumvi ambayo yanapitisha umeme kuliko maji yasiyo na chumvi, na hamna waya wa kuutoa umeme unaovuja, na hamna ile swichi inayokata yenyewe umeme ukianza kuvuja kiasi cha miliampia 30. Njia iliyobaki ni mtu aliyesimama bafuni miguu ina maji.

Uamuzi wa Mume ulikua mzuri sana: alizima breka ya shawa, akaifunga na tepu, akapiga simu kwa Mama, na hakukubali yule fundi wa mlinzi aiguse tena. Alilipa fundi wa umeme mwenye leseni kwa hela yake mwenyewe, apime na aandike. Karatasi yenye muhuri, "athi haijaunganishwa kwenye sabumita zote nane". Gharama 60,000. Akatuma picha ya karatasi kwa Mama na kwenye grupu la wapangaji.

Mama akajibu atamwambia fundi wake. Wiki zikapita.

Mvua

Masika ya Dar ni Machi mpaka Mei, na mwaka ule mvua ya kwanza kubwa ilipiga usiku. Asubuhi dari ya chumba cha masta ina doa la rangi ya chai upana wa sinia. Mvua ya tatu, jipsamu ikalegea, kipande kikaanguka juu ya kabati la nguo. Ukuta wa upande huo rangi ikavimba malengelenge, nyuma ya kitanda ukungu mweusi.

Mama alipoambiwa akasema maneno ambayo wenye nyumba wote wameyasoma chuo kimoja: "Nyumba mpya hiyo mwanangu, itakua mnafunga madirisha, nyumba haipumui."

Kuwa mkweli, nusu ya maneno yake yana ukweli. Zege linapimwa nguvu siku ya 28 na watu wanadhani siku hiyo limekauka pia, hapana, kuta na plasta zinaendelea kutoa maji ya kuchanganyia kwa miezi, na ukipaka rangi mapema ule unyevu unasukuma rangi kwa ndani. Na ule unga mweupe unaoota chini ya ukuta ni chumvi, ya mchanga au ya maji ya kisima yaliyotumika kujengea. Kwa hiyo kwenye apatimenti zote nane kulikua na malengelenge kidogo. Ila hamna unyevu wa plasta unaoangusha dari baada ya mvua tatu.

Hapo ndo nikaitwa. Nikapanda juu. Paa la kuficha, kwa asiyejua, ni bati la kawaida limelazwa kwa mteremko mdogo nyuma ya ukuta, na maji yote yanamwagikia kwenye mtaro wa zege uliopita kandokando, halafu yashuke na paipu. Mtaro ukizidiwa, maji hayamwagiki nje kama kwenye nyumba ya mabati ya kawaida, yanaingia ndani. Mtaro huu ulikua na paipu mbili za inchi mbili kwa paa lote, moja imeziba na mfuko wa sementi na majani ya mwarobaini. Membreni ya kuzuia maji imelazwa chini tu, haijapandishwa kwenye kuta za pembeni, kwa hiyo maji yakipanda kidogo yanapita nyuma yake. Na taka za mafundi wa rangi bado ziko juu kule, hamna aliyewahi kufagia.

Mimi binafsi hayo mapaa siyapendi kwenye mji wenye mvua kama zetu. Yanapendeza kwenye picha. Lakini sio kwamba hayawezekani, yanataka paipu kubwa, tundu la dharura la kumwagia nje maji yakizidi, na mtu wa kupanda kufagia kabla ya kila masika na kila vuli. Jengo hili lilikua halina hata kimoja kati ya hivyo vitatu.

Waliamua nini na kwa nini

Mume alitaka wahame wadai hela yao. Mke akamuuliza, tunahamia wapi kwa hela gani? Miezi mitatu iliyobaki iko kwa Mama, na Mama ameshaitumia. Ukimdai mtu hela ambayo hana, utapata ahadi.

Rafiki yao akawaambia nendeni Barazani. Tukakaa tukaipiga hesabu hiyo njia. Tangu marekebisho ya sheria ya 2021 Baraza la Kata kazi yake ni kusuluhisha tu, lina siku 30, ikishindikana ndo unaenda na cheti Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, na huko kesi ina mwendo wake. Isitoshe mkataba wao ulikua haujalipiwa ushuru wa stempu, asilimia 1 ya kodi ya pango ya mwaka, kwao 66,000, na mkataba usio na stempu haupokelewi kama ushahidi mpaka ulipiwe pamoja na faini yake. Mke akasema tulipie stempu sasa hivi, hata kama hatuendi kokote. Wakalipa.

Halafu wakaandika barua. Sio barua ya malalamiko, barua ya kueleza. Waliwashirikisha wapangaji wengine, watano kati ya saba wakasaini, wawili wa chini wakakataa, kwao hakuvuji na Mama ni ndugu yao wa mbali. Barua ilikua na vitu vitatu tu: paa, athi, na bei ya umeme.

Bei ya umeme nimeiruka, ngoja niiseme. LUKU ile ilikua inanunua uniti kwa 356. Mama alikua anawauzia wapangaji kwenye sabumita kwa 500. Kwa matumizi ya uniti 150 kwa mwezi hiyo ni 21,600 ya juu kila apatimenti. Walipomuuliza akasema hiyo inafidia kodi ya jengo, ile ya serikali, ambayo tangu 2021 inakatwa kupitia LUKU. Sasa kodi ya jengo ni ya mwenye jengo, kukatwa kwenye LUKU ni njia tu ya kuikusanya, haikumgeuza mpangaji kuwa mmiliki.

Kwenye paa na athi barua iliegemea Sheria ya Ardhi ya 1999, ile sura ya 113. Watu wengi wanadhani kama mkataba wako haukusema nani anatengeneza paa basi ni juu yako. Sheria ile inaweka masharti ambayo yanahesabika yamo kwenye mkataba hata kama hayakuandikwa, na mojawapo ni kwamba ukipangisha sehemu ya jengo, paa, kuta za nje, mifereji mikuu na vifaa vinavyotumika kwa pamoja vinabaki kwenye mikono ya mpangishaji kuvitunza. Kikabati cha umeme cha pamoja ni kifaa cha pamoja. Mtaro wa paa ndo usiseme.

Nakala ikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, na Mke ndo alimpelekea Mama ya kwake nyumbani kwake, kwa mkono, Jumapili jioni, na mkate wa sinia. Mume alicheka huo mkate. Mama alimfungulia geti akamkaribisha sebuleni, na hapo ndo alipomweleza habari ya mkopo, kitu ambacho kwenye simu hakuwahi kukisema.

Kikao na kilichotoka

Kikao kilikua ofisi ya mtaa, Mama akaja na mdogo wake wa kiume. Yule mjomba alianza kwa ukali, "nyumba hamuitaki, rudisheni funguo". Mwenyekiti akamtuliza. Mke akatoa simu, akaonyesha picha ya dari ya masta ya siku ya makabidhiano, nyeupe pe, na jibu la Mama chini yake, "sawa nimeziona". Mjomba akanyamaza. Ile habari ya madirisha haikurudi tena.

Nikaombwa niseme gharama. Nikasema tusivunje mtaro, hela hiyo hamna. Tufagie, tutoboe tundu mbili za dharura za kumwagia nje, paipu mbili za inchi nne, membreni tuipandishe kwenye kuta walau sentimita 15. Athi ni kazi ya siku mbili kwa fundi mwenye leseni, na swichi ya kukata uvujaji kwa kila apatimenti.

Makubaliano yakaandikwa, wakasaini, muhuri wa mtaa ukagongwa:

Mama atafanya athi ndani ya siku saba, kabla ya kitu kingine chochote, na shawa za moto zote zinazimwa mpaka hapo.

Paa atalifanya ndani ya mwezi, na kwa kuwa hana hela taslimu, Mke na Mume watatoa 900,000 sasa na itahesabika kwenye kodi ya miezi sita inayofuata.

Uniti itauzwa kwa bei ya LUKU, kodi ya jengo ni ya Mama.

Athi ilifanyika, ilichelewa siku chache. Paa likafanyika mwishoni mwa Mei mvua zinaisha, kwa hiyo kipimo chake halisi kikawa vuli. Vuli ya mwaka ule dari ya masta haikupata tone. Ya jirani yao upande wa pili wa ngazi ilipata doa dogo, kuna kona membreni haikushika, ikarudiwa. DAWASA walikuja Julai.

Bei ya umeme ndo iliyolegea. Miezi miwili ilikua 356, halafu ikawa 400 "ya usumbufu wa kununua", na hamna aliyekua na nguvu ya kurudi kwenye kikao kwa ajili ya shilingi 44.

Mke na Mume walikaa mwaka mzima, wakahama kwa sababu ya shule ya mtoto.

Nini kilifanya kazi

Picha na ile "sawa nimeziona", hilo sina haja ya kurudia. Ila angalia namna zilivyotumwa: siku ya kupokea, kwa mwenye nyumba mwenyewe na sio kwa dalali, na kwa kumuomba ahakiki. Picha zilizokaa kwenye simu yako tu, mtu anaweza kusema umepiga jana.

Kuutenganisha umeme na mengine. Kwenye kikao mtu angeweza kusema athi tutaifanya pamoja na paa, fundi akija. Mke alikataa kabisa viwe kitu kimoja, doa la dari linaweza kusubiri mwezi, bomba linalopiga shoti haliwezi kusubiri hata siku moja.

Kumpa Mama njia ya kulipa. Hii wengine walimlaumu Mume, eti umelipa kutengeneza nyumba ya mtu. Mimi naona ndo ilikua akili yenyewe. Hela ya paa haikuwepo popote zaidi ya kwenye kodi ya mbele, na kodi ya mbele walikua nayo wao. Ile miezi sita ya kwanza iliwanyima nguvu kwa sababu ilishalipwa, miezi sita ya pili ikawa ndo nguvu yao. Hatari yake ipo, kama Mama angeuza jengo au angefariki katikati ingebidi wamuonyeshe mrithi karatasi, ndo maana ilisainiwa mbele ya mwenyekiti na ikaandikwa kiasi na miezi.

Na wingi. Saini sita za apatimenti nane zilimfanya Mama asione kwamba ana mpangaji mmoja mkorofi.

Nini hakikufanya kazi

Ukaguzi wa alasiri moja ya kiangazi. Kwenye jengo jipya ningewaambia waje hata mara mbili, moja usiku, waombe pampu izimwe wafungue bomba zote kwa pamoja, wamwage ndoo ya maji bafuni waone yanaelekea kwenye tundu au yanaelekea sebuleni, wafungue kikabati cha umeme na fundi wao, na wapande juu. Ukiambiwa funguo ya paa haipo, hiyo tayari ni taarifa. Kama nyumba haijapitiwa na masika, andika kwenye mkataba kwamba uvujaji wowote wa paa utatengenezwa na mwenye nyumba ndani ya siku kadhaa, ukipita muda mpangaji atengeneze akate kwenye kodi. Mwenye nyumba anayeamini paa lake hatagoma kuandika hivyo.

Kukubali shawa kama mbadala wa punguzo. Punguzo la hata 20,000 kwa mwezi lingebaki mfukoni, shawa iliwaletea hatari na mwisho wa siku ilibaki ukutani kwa Mama.

Na dipoziti. Walipohama Mama alirudisha 370,000, akakata 180,000 ya rangi, akisema kuta zina malengelenge. Malengelenge yale yalikua ya plasta mbichi na ya ile mvua. Ila kwenye ule mkataba wa steshenari kulikua na sentensi "mpangaji atarudisha nyumba ikiwa imepakwa rangi", na hiyo waliisaini bila kuisoma vizuri, na orodha ya Mke haikuigusa. Mke alimuonyesha picha, Mama akamuonyesha sentensi. Waliachia. Kwenye jengo ambalo halijamaliza mwaka, hiyo sentensi ikatwe kwa kalamu na pande zote zisaini pembeni yake, au iandikwe upya kwamba mpangaji anapaka pale alipochafua yeye, na malengelenge, ukungu wa kuvujiwa na unga wa chumvi ni vya mwenye jengo.